Burhani Juu ya Ubao wa Sataranji



Mwaka 1597, katika jiji la London, kwa wasia wa marehemu Thomas Gresham, tajiri mkubwa wa zama zake, zilianzishwa darsa za fani saba, handasa ikiwa mojawapo, ambazo baharia na seremala waliweza kuzihudhuria pasi na malipo. Na mudarisi wa kwanza wa handasa mahali hapo, Henry Briggs, ndiye aliyefunga safari hadi Scotland kuonana na John Napier, wakashauriana juu ya zile logi ambazo sisi tuliosoma kabla ya kuja vikokotozi tulizisaka kwa ncha ya kidole katika vitabu vya majedwali. Desturi hiyo ya darsa za wazi haikukatika. Mwaka 1978 Profesa Christopher Zeeman wa Chuo Kikuu cha Warwick alitoa mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, iliyoanza tangu 1825, na ndiyo mara ya kwanza hisabati ilipopewa zamu. Leo vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza huwafungulia milango wanafunzi wa kidato cha sita, aghalabu jioni, wakakaa katika viti vya wakubwa wao na kusikiliza, kwa muda wa saa moja hivi, mambo wasiyotahiniwa.

Wasiyotahiniwa, nasema, kwa kuwa kijana wa kidato cha sita amezoea mas'ala ambayo majibu yake yamepigwa chapa nyuma ya kitabu, naye asipoyafikia hujiona kashindwa yeye. Hajapata kuonyeshwa jambo lisilofanyika katu, wala kwamba kuuthibitisha huo muhali ni kazi ya maulamaa.

Chukua ubao wa sataranji, wenye vyumba 64, vyeusi na vyeupe kwa zamu. Kata vyumba viwili vya pembeni, vile vinavyokabiliana kwa mshazari, vitabaki 62. Sasa twaa kete za dhumna, kila moja ikifunika vyumba viwili vilivyo jirani. Je, kete 31 zitaufunika ubao? Hesabu yakubali, na mtu aweza kukesha barazani akizipanga na kuzipangua hadi adhana ya alfajiri, asifike. Naye mwalimu asema neno moja tu: rangi. Kila kete, uiweke utakavyo, hufunika cheusi kimoja na cheupe kimoja, ilhali pembe mbili ulizozikata zilikuwa za rangi moja; kwa hiyo vimebaki 32 vya rangi hii na 30 vya ile. Imekwisha. Hapana haja ya kujaribu tena, si leo wala milele.

Lakini si kila mhadhara una heri hiyo. Iko ambayo ni tangazo la chuo lililovikwa joho, picha za mabweni na bustani tele, burhani hata moja hamna. Na kwa huo, kwa rai yangu, kijana ni afadhali abaki kwao acheze dhumna.

Turudi kwenye ubao: na ikiwa ni mzima, ukakata cheusi kimoja na cheupe kimoja, popote upendapo, je, kete 31 zitaufunika? Ralph Gomory, Mmarekani, alilijibu swali hilo kwa kuuzunguka ubao kama mtu apitaye mitaa yote ya mji, nyumba kwa nyumba, asirudie hata moja, mpaka akarejea mlangoni pake. Alivyofanya baada ya hapo sisemi, penseli mnazo.