Katuni na Kilio cha Wanyonge



Mada niliyopewa ni ya haki, nami nimekuja na gazeti mkononi. Wengi wetu hapa Soga, gazeti likitufikia, huanza na katuni, kisha huona haya kana kwamba tumekutwa katika mchezo wa watoto. Haya hiyo haina msingi. Wazee wetu walipotaka kumsema mkubwa asiyesemeka, walimtaja fisi. Nabii Nathani alipomwendea Mfalme Daudi, alianza na habari za maskini na mwanakondoo wake mmoja. Katuni ni mfano wa namna hiyo hiyo, ila umechorwa.

Mwaka 1969 Naji al-Ali, Mpalestina aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Lebanoni, alianza kumchora mtoto wa miaka kumi aitwaye Handala, miguu mitupu na nguo za viraka. Baadaye mtoto huyo akatupa kisogo, mikono ameifumba nyuma. Mchoraji alisema kwamba Handala hatakua mpaka arudi kwao. Umri huo ndio aliokuwa nao Naji mwenyewe alipofukuzwa kijijini kwao mwaka 1948. Basi mgongo wa mtoto ukabeba habari ya taifa zima, hata asiyejua kusoma akaielewa. Naji alipigwa risasi mjini London mwaka 1987, akafariki. Handala angali akichorwa kutani.

Karibu na kwetu yupo Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeanza kuchora katika gazeti la Nation huko Nairobi mwaka 1992. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100. Uhuru Kenyatta na William Ruto walishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Gado akawachora wakikokota tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo. Wakaapishwa mwaka 2013, mmoja Rais na mwenzake Naibu, na mnyororo ukabaki mchoroni. Haki inatudai tuseme pia kwamba mashtaka hayo yaliisha, ya kwanza mwaka 2014 na ya pili mwaka 2016, bila yeyote kutiwa hatiani. Kwa maoni yangu mnyororo ule haukuwa hukumu. Ulisimama badala ya marehemu ambao hawakuwa na gazeti. Mwaka huo wa 2016 mkataba wa Gado na Nation ulikwisha, haukuendelezwa.

Lakini tusiisifu kalamu kwa kuwa ni kalamu. Rwanda nayo ilikuwa na katuni. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, lilitumia michoro kuwafanya Watutsi wachukiwe na kuogopwa na jirani zao, na mwaka 2003 mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani na Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha. Mnyororo wa Gado ulifungwa kwenye miguu ya wenye mamlaka. Wino wa Kangura ulimwagwa juu ya watu waliokuwa wakiwindwa. Kwa hiyo mkiona katuni, kabla ya kucheka, tazameni ni nani anayepigwa, na kama ana pa kujitetea.

Kila jumuiya ije na katuni moja kwenye mkutano ujao, tuisome pamoja.