Usukani wa Motokaa za Haibridi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi ni watu wa reli, na garimoshi halina usukani. Lakini wengi wetu, na vijana wetu pia, twaendesha motokaa za watu kwa mshahara, na nyingi ziletwazo sasa kutoka Japani ni haibridi, yaani zina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme.

Mwenzetu mmoja alikuwa akiegesha gari la namna hiyo. Usukani ukawa mzito ghafula, akagonga nguzo, taa ikavunjika. Mwenye gari akamkata mshahara, akisema ni uzembe. Tulipokwenda kumtetea tuliulizwa kama dereva aliangalia mafuta ya pampu ya usukani. Hapo tulijua ya kuwa anayehukumu halijui gari lake, maana gari lile halina pampu hiyo.

Katika motokaa za zamani injini huzungusha pampu kwa ukanda, na pampu husukuma mafuta yasaidiayo mikono ya dereva. Injini ya haibridi huzimika yenyewe mara kwa mara, hata gari likiwa linakwenda, na pampu ya namna ile ingesimama pamoja nayo. Kwa hiyo imetiwa mota ya umeme, mara nyingi kwenye mhimili wa usukani, chini ya dashibodi. Ndani ya mhimili mna chuma chembamba kinachojipinda kidogo dereva anapozungusha. Sensa hupima mpindo huo, na kompyuta ndogo huiamuru mota isaidie: sana gari likienda polepole, kidogo likienda mbio.

Mota hii katika magari mengi hutumia umeme wa volti 12. Betri ndogo ikichoka, au vichwa vyake vikishika kutu, taa ya usukani yaweza kuwaka na msaada ukakatika. Magurudumu bado yameungwa na usukani kwa chuma, kwa hiyo gari hugeuka, ila kwa nguvu nyingi. Dereva asiyeambiwa hayo hushtuka, na nani alimwambia?

Jambo jingine ni desturi yetu mbaya ya kukaza usukani mpaka mwisho gari likiwa limesimama. Mota hupata moto, na kompyuta hupunguza msaada mpaka ipoe. Mwaka 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, Prius za kizazi cha pili zikiwamo, kwa ajili ya kipande cha mhimili wa usukani kilichoweza kuchakaa na kulegea, hasa usukani ukikazwa mno mara kwa mara katika mwendo wa polepole. Basi usukani ukicheza, tazameni mhimili kabla ya kununua mota, kwa kuwa mota ni ghali.

Ninyi mafundi, msiguse waya za rangi ya chungwa. Za Prius hubeba volti zaidi ya 200, nazo huua. Kabla ya kufungua usukani ondoeni waya hasi ya betri ndogo, mngoje, kwa sababu ya ule mfuko wa hewa. Mkibadilisha mhimili wenye sensa, sensa irudishwe kwenye sifuri kwa mashine, ama gari litavuta upande.

Gari la mwenzetu lilipimwa na fundi wa umeme. Kutu ilikuwa kwenye vichwa vya betri. Mshahara wake umerudishwa. Bei ya taa bado twaidai.