Je, Uungwana Ungali na Maana Siku Hizi?



Vijana wengine husema: "Kupokea kwa mikono miwili, kumwamkia kila mtu njiani, hayo yote yatupotezea wakati bure." Wazee nao hunung'unika. Basi tulipime neno hili.

Lugha hii tunayosema, huku Kongo iliitwa Kingwana, maana yake lugha ya waungwana. Jina hilo lilifika Maniema pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19. Wale waungwana walivaa kanzu nyeupe, wakasalimu kwa maneno mazuri. Na katika misafara hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Mwaona, ya nje peke yake hayatoshi.

Lakini Bwana wetu hakuyadharau ya nje. Someni Evanjili ya Luka, sura ya 7. Simoni Mfarisayo alimwalika Yesu chakulani, asimpe maji ya miguu, asimbusu, asimpake mafuta kichwani. Yesu aliyaona yote matatu, akayataja moja moja mezani pale. Je, Mwana wa Mungu alihitaji maji? Alionyesha kwamba mwenye kupenda kidogo hujulikana tangu mlangoni. Yule mwanamke mkosefu, asiyealikwa na mtu, ndiye aliyemtendea mgeni yapasayo.

Sasa tazameni njia ya shamba. Mume atangulia, mikono mitupu. Mke afuata na kuni kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Mkimwuliza mume, ajibu: "Ni desturi." Kweli, babu zetu walitangulia, kwani walishika mkuki, chui asimrukie mke. Mkuki umeachwa nyumbani siku nyingi. Mikono ingali mitupu! Basi, ewe mume Mkristu, zipokee zile kuni. Watakucheka, najua, mwanamume mwenye kuni kichwani huambiwa kwamba mkewe amemlisha dawa. Na wacheke.

Wala kijana asiseme: "Nami basi sitamwamkia mzee." Yule aketiye peke yake barazani, pengine salamu yako ndiyo neno la kwanza alisikialo tangu asubuhi. Itie simu mfukoni, usimame kidogo.

Kabla ya somo lijalo kila mume atazame mkewe hula saa ngapi, tena hubakiziwa nini chunguni. Tutaanza na swali hilo, kisha tutaingia Amri ya Nne.