Shika Kiti, Kimbia Naye: Baiskeli na Ukaribu wa Mzazi na Mtoto

 

Leo tunazungumza juu ya baiskeli. Najua kuna mama pale Gatwekera au Laini Saba anayesema, "Hayo hayanihusu, mimi sina baiskeli." Tafadhali mama, usifunge redio. Mazungumzo ya leo ni yako hasa wewe ambaye huna.

Katika mitaa yetu, Kibera na hata Kawangware, si lazima mtoto awe na baiskeli yake ndipo aiendeshe. Wikendi na wakati wa likizo kuna vijana wanaokodisha baiskeli ndogo kwa dakika. Mtoto huja mbio: "Mama, nipe pesa ya baiskeli!" Mama ameinama juu ya karai la nguo. Anafungua pindo la leso, anatoa sarafu, anasema, "Enda, na usichelewe." Mtoto anaenda. Pesa imetoka, lakini mama hakutoka. Ombi letu leo ni hili: siku moja kwa juma, pesa hiyo itoke pamoja nawe.

KWA NINI UENDE NAYE?

Wengi wetu tunaondoka alfajiri kwenda kibarua Lang'ata, Kilimani au Industrial Area, na kurudi giza likiingia. Muda mfupi tunaoupata na watoto huisha kwa amri. Umeoga? Umemaliza kazi ya shule? Nani amemwaga maji? Maneno haya yanatokana na upendo, lakini mtoto husikia amri tu.

Sasa mwangalie mtoto anayejifunza baiskeli huku umeshika kiti kwa nyuma. Kila baada ya hatua mbili anauliza, "Mama, bado umenishika?" Unamjibu, "Nimekushika." Anayumba, anapiga kelele, unacheka, anacheka. Katika dakika kumi hizo mtoto amesema hofu yake mara nyingi, na kila mara amejibiwa na mtu anayempenda. Huko ndiko kujenga imani.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo kuhusu malezi ya watoto wadogo. Walitaja mambo matano ambayo mtoto anahitaji: afya njema, lishe bora, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemsikiliza na kumjibu. Hilo la mwisho haliuzwi dukani. Linahitaji mlezi awepo.

Faida yake huonekana baadaye. Mtoto wa miaka saba aliyezoea kukuambia "naogopa" akiwa juu ya baiskeli, itakuwa rahisi kwake kukuambia "naogopa" akiwa na miaka kumi na tatu, pale mtu mzima anapomsumbua njiani au wenzake wanapompa kitu cha kuvuta. Wazazi wengi huanza kutafuta mazungumzo hayo wakati mtoto tayari amefunga mdomo. Tuyaanze mapema, katika mchezo.

Mwili nao hufaidika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 atumie nguvu za mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku: kukimbia, kuruka kamba, mpira, baiskeli. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa juma. Kwa hiyo mama, ukikimbia nyuma ya baiskeli, nawe umepata dawa ya moyo bila kuinunua.

WASICHANA JE?

Wako wazazi wanaomkataza msichana kupanda baiskeli wakisema atapoteza ubikira. Tuseme ukweli. Utando wa ukeni hautofanani kwa wasichana wote, na unaweza kutanuka kwa michezo ya kawaida. Hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kuutazama na kujua kama msichana amewahi kukutana na mwanamume. Mwaka wa 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe. Mvishe binti yako suruali au kaptula ndefu chini ya sketi, kisha umwache aendeshe kama kaka yake.

MAMA MMOJA WA NAIROBI

Kuna bingwa wa baiskeli anayejulikana duniani kote, Chris Froome. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1985. Alipokuwa mvulana mdogo, mama yake, Jane, aliona jinsi anavyopenda baiskeli, akamkutanisha na David Kinjah, mwendeshaji maarufu wa Kenya anayewafundisha vijana kule Kikuyu katika kundi lake la Safari Simbaz. Froome alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mama yake alifariki mwaka wa 2008, kabla ya kuona hata ushindi mmoja kati ya hiyo. Aliposimama jukwaani Paris mwaka wa 2013, mwanawe aliutoa ushindi wake wa kwanza kwa heshima ya mama huyo.

Hatusemi kila mtoto atakuwa bingwa. Tunasema mtoto hakumbuki tu baiskeli. Humkumbuka pia aliyemtia moyo kuipanda.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Huhitaji kujua kuendesha wewe mwenyewe. Fuata hatua hizi.

Kwanza, teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto ziguse chini. Hofu nyingi hutokana na kiti kuwa juu.

Pili, asianze na pedali. Aisukume baiskeli kwa miguu, kama anayetembea akiwa ameketi, mpaka aweze kuteleza kidogo bila kuanguka. Kama baiskeli ni yenu, fundi anaweza kufungua pedali kwa siku chache.

Tatu, mfundishe breki kabla ya mwendo. Mwambie, "Nikisema simama, unafanya nini?" Ajibu kwa mikono.

Nne, shika kiti au mabega yake. Usishike usukani, kwa sababu hapo wewe ndiwe unayeendesha.

Tano, akianguka, usimkaripie na usimcheke mbele ya wenzake. Mpe mkono, muulize ameumia wapi, kisha muulize kama angependa kujaribu tena. Akikataa, mrudi nyumbani. Kuna siku nyingine.

USALAMA

Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo chagua mahali. Uwanja wazi kama Kamukunji au uwanja wa shule, kwa ruhusa, unafaa, hasa asubuhi watu wakiwa wachache. Barabara yenye matatu na bodaboda haifai kwa anayejifunza. Kando ya reli pia hapafai. Treni haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtoto. Angalia pia mitaro na maji machafu.

Kabla ya kulipa, jaribu breki zote mbili, bonyeza tairi, tazama cheni. Baiskeli isiyo na breki irudishe, hata mtoto akilia. Kofia ngumu, yaani helmeti, hupunguza hatari ya kuumia kichwa. Ukipata ya mitumba, hakikisha haina ufa na mkanda wake unafunga. Funga kamba za viatu na pindo za nguo zisiingie kwenye cheni. Na ukimbeba mtoto kwenye kiti cha nyuma, miguu yake iwe mbali na spoki. Majeraha ya kisigino kilichoingia kwenye gurudumu ni mabaya na hupona polepole.

Akichubuka, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kikitoa damu, kikandamize kwa kitambaa safi. Usipake mchanga, majivu wala mafuta ya taa. Kama kidonda ni kirefu au kimeingia uchafu wa mtaro, nenda kituo cha afya pamoja na kijitabu cha kliniki, waangalie chanjo ya pepopunda. Akigonga kichwa kisha azirai, atapike tena na tena, awe na usingizi usio wa kawaida, atetemeke mwili, au atokwe na damu au maji puani au masikioni, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitalini mara moja, kama vile Mbagathi au Kenyatta.

KWA KUMALIZIA

Wapenzi wasikilizaji, tukumbuke haya. Dakika kumi za mlezi ni bora kuliko saa nzima ya mtoto peke yake barabarani. Msichana na mvulana wana haki sawa ya kucheza. Breki huja kabla ya mwendo. Na akina baba, kiti hiki hakishikwi na mama peke yake.

Itafika siku mtoto atauliza, "Bado umenishika?" nawe umekwisha kuachilia, na yeye anakwenda. Usisikitike. Atageuza baiskeli na kurudi kwako akitaka umwone.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Katika juma lililopita, ni lini uliongea na mtoto wako bila kumpa amri?
2. Ni mahali gani salama mtaani kwetu ambapo watoto wanaweza kujifunza baiskeli? Ni nani tumwombe ruhusa?
3. Tunaweza kupangiana zamu vipi ili mama aliye kazini Jumapili, mtoto wake naye apate wa kumshikia kiti?