Kipimapembe cha Dijitali kwa Fundi wa Umaliziaji: Kinunuliwe na Nani?

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu,

Nimeombwa nijibu kama kipimapembe cha dijitali kinamfaa seremala wa umaliziaji, yule anayeingia mwisho kufunga skatingi na mbao za urembo kuzunguka fremu za milango. Nami ninacho, na cha kwanza kilichonifanyia ni kuniharibia ubao wa mninga.

Ilikuwa katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta za kule ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimepigwa lipu juu ya lipu, na kukuta kona ya mraba ni bahati. Niliweka kifaa, kikasoma nyuzi 93. Nikagawa kwa mbili, nikaseti msumeno wa mezani kwenye 46.5, nikakata kwa kujiamini. Skatingi yenyewe ilikuwa na unene wa milimita 18 tu, lakini mbele ya kiungo pakabaki mwanya wa karibu milimita 2 na nusu. Nikalaumu betri.

Betri haikuwa na kosa. Sifuri ya msumeno ule ni mkato ulionyooka, unaokatiza ubao kwa mraba. Kwa hiyo nusu ya kona huitoi kwenye kifaa ukaipeleka moja kwa moja kwenye msumeno. Unaiondoa kwanza katika 90. Tisini kutoa 46.5 ni 43.5, na hapo ndipo nilipaswa kuseti. Kwenye kona ya mraba kosa hili hujificha, kwa kuwa nusu ya 90 ni 45 na kinachobaki ni 45 vilevile. Fundi anaweza kuzeeka nalo.

Tena ile ilikuwa kona ya ndani, ambayo haikuhitaji namba yoyote. Ubao wa kwanza unausukuma ukutani hadi mwisho. Wa pili unaukata nyuzi 45 ili sura yake ijitokeze, kisha unafuata mstari wa sura hiyo kwa msumeno mwembamba wa kukatia maua, ukiulaza kidogo kwa nyuma, na kumalizia kwa tupa. Ubao wa pili unaukumbatia wa kwanza, kona iwe 88 au 93. Ni kazi ya mikono ambayo vijana wengi hawafundishwi siku hizi, wanafundishwa puti.

Sasa wapi kifaa kinalipa? Tazameni upana wa mkato. Skatingi ya milimita 18 ikikatwa karibu na nyuzi 45, uso wa mkato ni kama milimita 25. Kosa la nyuzi 1 kwenye kiungo kizima linaacha mwanya usiofika nusu milimita. Lakini chukueni ubao wa urembo wa mlango wenye upana wa milimita 70, umelala bapa ukutani. Mkato wake unafika milimita 99, na kosa lilelile linafungua milimita 1.7, usawa wa macho ya mgeni. Ngazi ni hivyohivyo: skatingi ya kimo cha milimita 100 inayoteremka na ngazi inapokutana na ile ya sakafu, pembe yake ni ya ngazi hiyo tu, hakuna aliyeikariri. Hapo nakitoa mfukoni bila aibu. Kona za nje za nguzo nazo, maana huko ile mbinu ya kukumbatia haipo, na madirisha yanayochomoza vilevile.

Hata hivyo kifaa kinaweza kuonyesha sehemu ya kumi ya nyuzi huku msumeno wenu ukiyumba nyuzi nzima. Kagueni msumeno kwanza. Kateni vipande viwili kwenye 45, viunganisheni, wekeni skwea. Pia kwangueni madonge ya lipu kwenye kona kabla ya kupima, kwani mikono ya kifaa ni mifupi na husoma uvimbe badala ya ukuta. Asiye na fedha atumie skwea ya kukunja: achore pembe kwenye ubao, aigawe kwa bikari, asifanye hesabu kabisa.

Kauli yangu ni hii: anayefunga skatingi za vyumba pekee asikinunue bado, anunue tupa nzuri. Anayepokea kazi za ngazi, nguzo na mbao pana za urembo wa milango anunue.

Kona iliyo nyuma ya meza ya Mwenyekiti nimeipima asubuhi: 87.5. Kabla hatujaenda kunywa chai, kila mmoja aandike kwenye karatasi ataseti msumeno kwenye ngapi. Mbao chakavu ziko mlangoni, tutakata namba zenu zote.