SIKU YA MCHEZO KWA SHABIKI MWENYE ULEMAVU

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Visiwani. Yanachapishwa ili wanaohusika wayasome na kuyafanyia kazi.



Mwezi Oktoba 2022 timu ya Taifa ya mpira wa miguu ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Istanbul, na Taifa likaona fahari. Swali linalobaki ni hili: mtu mwenye ulemavu ambaye si mchezaji, anayetaka tu kukaa jukwaani na kushangilia kama wenzake, hufikaje huko?

Uchukuliwe mfano wa mtumishi anayetumia kiti cha magurudumu, mkaazi wa Mzumbe, Mkoani Morogoro. Pahala hapo hapana ugeni kwa watumishi wa umma, kwani ndipo kilipokuwa chuo cha utawala cha IDM, ambacho tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu Mzumbe. Timu anayoipenda inacheza saa 10 jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye viti vipatavyo 60,000.

Shabiki asiye na ulemavu anaweza kuamua asubuhi na jioni akawa uwanjani. Huyu hana budi kuanza siku kadhaa kabla. Kwanza ni safari ya kutoka Mzumbe hadi Morogoro mjini, kilometa zipatazo 20. Daladala ikiwa imejaa, kiti chake hakina pa kuwekwa, na pengine atatakiwa akilipie nauli kama abiria wa pili. Kwa hiyo hupatana mapema na dereva anayemfahamu. Kutoka Morogoro, treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria mwezi Juni 2024, imempunguzia taabu ya kubebwa mgongoni kupanda basi. Hata hivyo ni lazima ajue kabla ya kukata tiketi ni behewa gani linalofaa kiti chake, nani atamsaidia kupanda, na kama treni ya mwisho ya kurudi itamngoja hadi mchezo umalizike. Isipomngoja, itabidi atafute pa kulala, na nyumba hiyo ya wageni nayo iwe haina ngazi.

Baada ya hapo yapo maswali ya uwanjani. Ni lango gani lisilo na ngazi? Msaidizi wake aingie kwa tiketi ipi? Kiti chake kitawekwa wapi ili watu wakisimama kushangilia goli naye alione? Choo kiko wapi, na mlango wake una upana wa kutosha? Wapo mashabiki ambao kwa kukosa jibu la swali hili la mwisho huacha kunywa maji tangu asubuhi, jua likiwa kali, jambo ambalo ni hatari kwa afya. Wapo pia wanaoondoka kabla ya filimbi ya mwisho kwa kuogopa msongamano, wakasimuliwa njiani goli ambalo walisafiri kulitazama.

Maswali haya hufungamana. Likikosa jibu moja tu, tiketi iliyolipiwa haina faida. Njia nzuri ya mteremko langoni haimsaidii aliyeachwa na gari Mzumbe.

Ieleweke kwamba jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika kifungu cha 30 haki ya kufika katika viwanja vya michezo. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Zanzibar ilitangulia kuwa na sheria yake mwaka 2006, kisha ikatunga nyingine mwaka 2022. Huko Ulaya, mwaka 2015 shirikisho la UEFA liliingiza katika masharti ya leseni za klabu sharti la kuwa na ofisa maalumu anayeshughulikia mashabiki wenye ulemavu. Kuwa na mtu mmoja anayejulikana, mwenye majibu, hakuhitaji gharama ya kujenga uwanja upya.

Kwa Visiwani suala hili ni letu pia. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, na Agosti 2025 ulipokea michezo ya CHAN. Shabiki wa Wete au Mkoani anayetaka kuja Amaan huanza na gari, kisha boti, kisha gari tena, na maswali yake ni yale yale ya mkaazi wa Mzumbe.

Kwa hiyo inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Matangazo ya mchezo yataje lango lisilo na ngazi, mahali pa viti vya magurudumu, vyoo, na utaratibu wa tiketi ya msaidizi.

(b) Awepo ofisa mmoja anayejibu maswali hayo kwa simu na kwa ujumbe wa maandishi, ili viziwi nao wahudumiwe.

(c) Walinzi wa milango waelezwe mapema kwamba fimbo nyeupe, magongo na viti vya magurudumu ni viungo vya mwenyewe, wala visizuiliwe langoni.

(d) Vyombo vya usafiri visitoze nauli ya kiti cha magurudumu.

Kwa upande wao, mashabiki wenye ulemavu wanaombwa kuuliza mapema, kufika milango inapofunguliwa, kuchukua dawa na maji, na kupatana na msaidizi mahali pa kukutana endapo watapoteana. Wanaombwa pia kutoa taarifa wanapokwama, kwani kiti kinachobaki kitupu jukwaani hakimwelezi ofisa yeyote sababu ya mwenyewe kutofika.