Chema Hakijiuzi Gizani: Funzo la Maonyesho ya Kiangazi ya London

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi, mafundi wa jua kali na wanafunzi wa vyuo vya ufundi



Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila kwa sharti moja: mnunuzi awe amekiona hicho chema. Kikapu kilichosukwa kwa ustadi kikabaki kimening'inia nyuma ya mlango wa jikoni hakina sauti ya kumwita mtu. Kigoda kilichochongwa vizuri kikiwa kimefunikwa gunia kwenye kona ya karakana hakijui njia ya sokoni. Mwishowe hufika dalali, hutaja bei yake, hupakia na kuondoka. Kazi ikifika dukani mjini, jina la fundi limeshapotea njiani.

Mazungumzo ya leo yanahusu jinsi jiji moja kubwa, London, linavyotumia kiangazi chake kuonyesha kazi za wasanii na wabunifu. Kiangazi cha huko ni Juni hadi Agosti, wakati ambapo hapa Kenya watu wa nyanda za juu wamejifunika makoti kwa baridi ya Julai. London ina fedha ambazo kaunti haina. Lakini mambo yaliyoyapa maonyesho yake nguvu si fedha peke yake. Ni taratibu, na taratibu zinaweza kuigwa.

Mlango ulio wazi, na ada yake

Onyesho la zamani kuliko yote ya kiangazi huko ni lile la Royal Academy of Arts, chuo na chama cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 1768 wakati wa Mfalme George wa Tatu. Onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1769, na tangu hapo halijakosa mwaka hata mmoja. Vita Kuu zote mbili zilipita na onyesho likafanyika. Mwaka 2020, janga la Korona lilipofunga milango ya dunia, halikufutwa bali lilisogezwa hadi majira ya vuli.

Utaratibu wake ni huu. Mtu yeyote, awe bingwa anayejulikana au fundi anayechora jioni baada ya kazi, anaruhusiwa kuleta kazi yake. Hulipa ada kwa kila kazi na kutuma picha yake kwanza. Jopo la wasanii huzipitia kazi hizo kwa maelfu. Zinazopita huletwa zenyewe, huangaliwa tena kwa macho, na mwishowe zaidi ya 1,000 hutundikwa ukutani, kazi ya mwanafunzi ikiwa jirani na ya msanii maarufu.

Mwaka 2018 kulitokea kisa kilichowachekesha wengi. Banksy, msanii wa Uingereza anayejulikana duniani kote kwa michoro ya ukutani lakini anayeficha sura yake, alisema kwamba alituma kazi kwa jina la kubuni, nayo ikakataliwa. Baadaye aliombwa alete kazi kwa jina lake, akaleta, ikatundikwa. Kisa hicho kina pande mbili. Upande mmoja, jopo lilihukumu kazi bila kujua ni ya nani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Upande wa pili, jina kubwa lilifungua mlango ambao kazi peke yake haikuufungua.

Si vizuri kuisifu London kupita kiasi. Wanachama wa Academy wenyewe wana haki ya kuleta kazi hadi sita kila mmoja, ilhali mtu wa kawaida hushindana na maelfu. Ada hairudishwi hata kazi ikikataliwa. Na hapo mwanzo, mwaka 1769, waandalizi waliweka kiingilio cha shilingi moja ya Kiingereza, wakieleza waziwazi kwamba walitaka kuzuia ukumbi usijae watu wasiofaa. Ilikuwa njia ya kumwambia maskini abaki nje.

Wanawake nao wana habari yao. Miongoni mwa waanzilishi wa Academy walikuwamo wachoraji wawili wanawake, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa wamekusanyika katika darasa la kuchora mwili wa binadamu, hakuwaweka wanawake hao chumbani pamoja na wanaume, kwa kuwa mwanamitindo alikuwa uchi. Aliwaweka kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Baada yao, mwanamke mwingine kuchaguliwa kuwa mwanachama kamili alikuwa Laura Knight, mwaka 1936. Hiyo ni miaka 168 tangu kuanzishwa. Basi yeyote anayepanga onyesho, hata la wadi moja, ajiulize mapema: ni nani aliyemo chumbani, na ni nani aliyebaki picha ya ukutani?

Jina, bei na stika nyekundu

Jambo la pili ni uuzaji. Katika onyesho hilo kazi nyingi huwa za kuuzwa. Kila moja ina nambari, na katika orodha mgeni husoma jina la msanii, jina la kazi na bei. Kazi ikinunuliwa, stika ndogo nyekundu ya duara hubandikwa kando yake. Michoro ya chapa, ambayo nakala zake ni nyingi, huweza kupata stika moja baada ya nyingine hadi ikaonekana kama imeota surua.

Stika hiyo ni kitu kidogo, lakini tazama inachofanya. Mgeni asiyejua sanaa huona kwamba kazi ya mtu huyu inanunuliwa. Mwanafunzi hujifunza bei za soko bila kumuuliza dalali. Na msanii huona kwa macho yake kilichouzwa na kwa kiasi gani.

Fedha nazo zina njia yake. Msanii hulipwa, na onyesho hubaki na sehemu. Mapato ya onyesho husaidia kuiendesha Academy, pamoja na shule yake ya sanaa ambako wanafunzi wa shahada ya juu husoma miaka mitatu bila kulipa karo. Yaani picha inayouzwa leo inamsomesha mchoraji wa kesho.

Vijana wa vyuo vya ufundi wana lao pia. Tangu mwaka 1985, karibu kila kiangazi, wahitimu wa ubunifu kutoka vyuo mbalimbali vya Uingereza hukusanyika katika mtaa wa Islington, London, kwa onyesho liitwalo New Designers. Wapo wa nguo, samani, vyungu, vito na vifaa vya nyumbani. Kila mmoja husimama mbele ya kazi yake na kuieleza, na wenye viwanda na maduka hupita wakitafuta watu wa kuajiri. Mhitimu hafiki na cheti tu mkononi. Hufika na kiti chake, na anayetaka kukikalia anakaribishwa.

Mti wa Gando katikati ya London

Jambo la tatu ni mahali. Katika bustani ya Kensington, jumba la sanaa la Serpentine huagiza karibu kila kiangazi, tangu mwaka 2000, banda moja la muda lijengwe na msanifu majengo ambaye bado hajakamilisha jengo Uingereza. Kuingia ni bure. Vuli ikifika, banda huondolewa.

Mwaka 2017 aliyeitwa alikuwa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Aliwakumbuka watu wa kijijini kwao wanavyokutana chini ya mti mkubwa, akajenga paa pana mfano wa matawi na kuta za mbao za rangi ya buluu. Paa liliinamia katikati ili maji ya mvua yaanguke ndani kama maporomoko, kwa kuwa alikotoka mvua ni neema, si usumbufu. Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo. Kazi yake ipo hapa Kenya pia: kituo cha mafunzo ya teknolojia kwa vijana karibu na Ziwa Turkana, chenye minara mirefu ya kupitisha hewa iliyobuniwa kwa kutazama vichuguu vya mchwa wa eneo hilo.

Mwaka 2021 zamu ilikuwa ya Sumayya Vally wa Johannesburg. Yeye alifanya jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini na kila mwenyeji wa kaunti. Hakuridhika banda likae bustanini peke yake, karibu na mitaa ya matajiri. Alitengeneza vipande vinne zaidi akavipeleka mitaani: kimoja katika duka la vitabu Finsbury Park, kingine katika kituo cha sanaa Deptford, kingine Notting Hill, na kingine katika maktaba ya umma kule Barking na Dagenham. Onyesho liliwafuata watu wasio na desturi ya kwenda kwenye maonyesho.

Kiangazi hichohicho, katika kumbi za Royal Academy, Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alikuwa na onyesho lake. Armitage hachori kwenye turubai. Huchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa Uganda, ambacho alikikuta kikiuzwa kwa watalii katika soko la Nairobi. Matundu na mishono ya gome hilo huyaacha yaonekane ndani ya picha. Na alipopewa kumbi hizo hakuingia peke yake. Alitenga nafasi kwa wasanii wa Afrika Mashariki waliomtangulia, miongoni mwao Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu. Kitu ambacho wengi walikipita sokoni kama zawadi ya mtalii, na wachoraji ambao Wakenya wengi hawajawahi kufundishwa majina yao shuleni, vilisimama mbele ya wageni wa London.

Inawezekana hapa?

Ndugu wananchi, swali linalobaki ni la nyumbani. Kwa nini kazi ya mtu wa hapa ionekane kwanza ng'ambo, au isionekane kabisa?

Katiba ya mwaka 2010 imeshaweka wajibu huu mahali pake. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti shughuli za kitamaduni, makavazi na maktaba, na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo chuo anachojifunzia kijana useremala na maktaba ambayo ukuta wake ungeweza kubeba kazi yake viko chini ya serikali moja. Kinachokosekana mara nyingi ni daraja kati ya viwili hivyo.

Daraja hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji mambo manne. La kwanza ni mwaliko ulio wazi kwa kila mkazi, wenye masharti yaliyotangazwa mapema, na jopo linalotazama kazi kabla ya kuambiwa mwenyewe ni nani. La pili ni lebo kwenye kila kikapu, chungu, kiti na picha: jina la fundi, kijiji chake na bei yake. La tatu ni hesabu inayosomwa hadharani: kiasi gani kimeuzwa, fundi amepata ngapi, na sehemu inayobaki imenunua vifaa gani katika chuo kipi. La nne ni kuzunguka: onyesho lisikwame makao makuu, bali lifike wadi za mbali, kwenye maktaba, kumbi za kijamii na siku za soko.

Wanaotaka haya wanajua sasa mlango wa kubisha. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufikishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo wananchi hualikwa kutoa maoni, na maoni yanaweza pia kuandikwa kwenye karatasi na kuwasilishwa. Mara nyingi vikao hivyo hutajwa barabara, maji na dawa, na ni haki vitajwe. Lakini chama cha wasusi au darasa la useremala lisilofika kikaoni lisishangae likikosa hata mstari mmoja kwenye mpango. Kusema si kupata, ila asiyesema hawekwi kwenye hesabu.

Msusi aliyetajwa mwanzoni bado ana kikapu nyuma ya mlango. Ni chema, na siku yoyote dalali atapita. Kikikutwa palepale, kitaondoka bila jina. Kikiwa kimetundikwa kwenye ukuta wa maktaba ya wadi, kina lebo na bei, dalali huyohuyo atakaribishwa vizuri, atasoma jina la mwenyewe, na atalipa kilichoandikwa.